Kirikuu ya mlima wa Soni: ekzosi ya inchi mbili ilikula nini?

Mama mwenye gari alikuja gereji na daftari la shule, yale yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Humo huandika kila safari: mzigo uliopanda, mzigo ulioshuka, mafuta yaliyowekwa, hela iliyobaki. Wenye magari wengi hulalamika kwamba gari "inakunywa siku hizi", na ukiwauliza inakunywa kiasi gani wanakuonyesha kwa mikono. Huyu alifungua ukurasa, akaweka kidole. Safari ya Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, kupitia mlima wa Soni, kwenda na kurudi kilomita 66, ilikuwa ikila lita sita kasoro kidogo. Tangu ekzosi ibadilishwe, lita saba na ushee.

"Niliambiwa itapunguza mafuta, fundi," alisema. "Na niliambiwa itapanda Soni kama haina kitu mgongoni. Sasa inapigwa hodi na Noah, na mafuta imeongeza."

Dereva wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amesimama nyuma yake akiangalia viatu. Ekzosi ilikuwa wazo lake.

Gari lenyewe ni Suzuki Carry ya DA63T, kirikuu ya kawaida kabisa, yaani kigari kidogo cha mizigo. Ina injini ya K6A, silinda tatu, sentimita za ujazo 658, ya nozeli na kontroli boksi (kompyuta inayopanga kiasi cha mafuta), siyo ya kabureta. Japani tangu 1990 magari ya daraja hili hayaruhusiwi kuzidi sentimita 660, na mzigo mwisho kilo 350. Kwetu kilo 350 ni mwanzo wa mazungumzo. Hii ilikuwa ikipandisha mifuko 14 ya saruji, yaani kilo 700, na kushuka na kabichi na karoti za lumbesa ambazo hakuna aliyewahi kuzipima.

Barabara nayo tuitaje, maana nusu ya kisa hiki ni barabara. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto iko kama 1,400. Ndani ya kilomita 33 unapanda kilomita nzima kwenda juu, kona baada ya kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na bonde upande wa pili. Hewa huko juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo kabla hujamlaumu fundi yeyote, mlima wenyewe umeshakata kodi yake.

Kilichofanyika kwenye ekzosi nilikipata kwa dereva, kipande kwa kipande. Gari lilikuwa limeanza kuwa zito mlimani. Akiwa mjini akakutana na watu wa kuchomelea wakamwambia masega (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi) yameziba, injini haipumui. Wangeyatoa, wangemwekea bomba jipya nene, na asingelipa hata senti. Malipo ni masega yenyewe. Hapo mtu yeyote angepaswa kujiuliza. Masega ya gari yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na mnunuzi wa masega hakosi mteja. Fundi anayelipwa kwa masega yako hana sababu ya kukuambia kwamba ni mazima.

Wakakata. Bomba la kiwandani, ambalo kwa nje halifiki milimita 40, likatupwa pamoja na sailensa yake. Likawekwa bomba la inchi mbili, lililonyooka tangu mbele hadi nyuma, na mwishoni sailensa fupi nene kama soseji, ile ambayo ukichungulia upande mmoja unaona upande wa pili. Mlio ukawa wa gari la mashindano. Dereva aliupenda sana.

Nilimuuliza kama aliyaona masega yakitolewa. Aliyaona. Yalitoka kipande kizima, na fundi alipoyainua juani mwanga ulipita kwenye vitundu. "Kama sega la nyuki kweli," alisema. Nikamwambia basi hayakuwa yameziba. Masega yaliyoyeyuka au kujaa masizi hayapitishi mwanga hivyo. Alinyamaza.

Niseme pia kwamba wazo la bomba nene halikutoka hewani. Kwenye lori lenye tabo, kupunguza kizuizi baada ya tabo kunasaidia kweli, kwa sababu tabo inazungushwa na tofauti ya msukumo kati ya upande wa injini na upande wa nyuma. Nyuma kukiwa kwepesi, tabo inaamka mapema. Mtu ameona Fuso au Hilux ya tabo imebadilishwa bomba ikachangamka, anaamini dawa ni ile ile kwa kila kinachotoa moshi. K6A ya kirikuu hii haina tabo.

Nami nilikuwa na hukumu yangu mfukoni kabla hata sijainua kiti (injini ya Carry iko chini ya makalio ya dereva, usitafute boneti). Hukumu yangu ilikuwa hii: bomba nene limeua nguvu ya chini. Nilikuwa na hesabu yake.

Injini ya sentimita 658 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta hewa kwa nusu ya mizunguko hiyo, yaani karibu lita 16 kwa sekunde kama ingejaa kabisa. Haijai, tuseme 13. Ikishaungua inatoka ikiwa na joto la mamia ya nyuzi, imevimba zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa hiyo bombani zinapita kama lita 34 kwa sekunde. Kwenye bomba lenye uwazi wa milimita 35, moshi huo unakwenda mita 35 kwa sekunde. Uweke kwenye bomba lenye uwazi wa milimita 51, unakwenda kama mita 17. Upana umeongezeka kwa milimita 16 tu, lakini eneo limezidi mara mbili, na mwendo umekatika nusu.

Mwendo una kazi yake. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, pigo moja kila valvu inapofunguka. Pigo linalokimbia linaacha nyuma yake sehemu nyepesi inayovuta mabaki ya moshi kwenye silinda, na hewa mpya inakuta nafasi. Pigo likizubaa kwenye bomba pana, mabaki yanabaki. Watu husema "injini inahitaji kubanwa kidogo nyuma". Sikubaliani na msemo huo. Hakuna injini inayofurahia kubanwa. Inachofurahia ni moshi wenye mbio, na bomba jembamba linatokea kutoa yote mawili, mbio na kubana, ndiyo maana watu wanachanganya.

Hesabu nzuri. Shida ni kwamba haikunieleza lita saba za mafuta, wala haikueleza mambo mawili ambayo dereva aliyasema njiani kana kwamba hayana uzito. La kwanza, gari likishuka kutoka Lushoto, ukiachia mafuta, ekzosi "inapiga risasi", na watoto wa Soni wanashangilia. La pili, akifika Soni na mzigo, kichwa kinamuuma. Alidhani ni jua.

Nilikubaliana na mama kwamba sitabadilisha vitu viwili kwa mara moja. Ukibadilisha plagi, ekzosi na ea klina (chujio la hewa) siku moja, gari likichangamka utamshukuru nani? Tukachagua kipande cha kilomita mbili chenye mwinuko mkali kabla ya Soni, kutoka alama ya barabarani hadi kibanda cha muuza miwa. Mzigo mifuko 14 ile ile, haikushushwa siku zote za majaribio, jambo ambalo springi hazikulipenda. Asubuhi mapema, kabla barabara haijajaa. Dereva yule yule, mimi pembeni na saa ya simu. Kila hali tulipanda mara tatu.

Likiwa kama lilivyoletwa, wastani ulikuwa dakika 4 na sekunde 20. Kelele ndani ya kabini ilikuwa ya kuniuma meno. Nilipofika juu mara ya tatu na mimi kichwa kilikuwa kizito, vioo vikiwa wazi. Hapo nikaacha kufikiria upana wa bomba.

Gereji, injini ikiwa baridi, tulichomeka bloa ya kupulizia vumbi kwenye mdomo wa ekzosi, tukaziba kwa matambara, tukaiwasha. Msaidizi wangu akapita na maji ya sabuni ya unga kwenye chupa ya dawa ya mbu, akinyunyiza kila unganisho. Michomeleo ya nyuma ilikuwa safi, hata nilishangaa, kijana aliyechomelea anajua kazi. Ila mbele, pale bomba linapofungwa kwenye manifoldi (kipande kinachokusanya moshi wa silinda zote), povu lilichanua kama chai ya maziwa inayotaka kufurika. Bolti moja ilikuwa imekatika wakati wa kufungua, wakafunga kwa zilizobaki, na gasketi ni ile ile ya zamani iliyokwishapondwa. Upande mmoja ulikuwa umeachia nafasi ambayo ungepitisha kucha.

Tundu hilo lilikuwa jirani na sensa ya oksijeni, na ndilo lililokuwa likila mafuta.

Moshi ukitoka kwa mapigo, kati ya pigo na pigo msukumo bombani unashuka chini ya ule wa nje. Tundu lililo karibu na manifoldi basi halitoi moshi tu, linavuta pia hewa. Hewa hiyo inafika kwenye sensa. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kontroli boksi kwamba mafuta ni machache. Kontroli boksi haina macho, inaamini sensa, inaongeza mafuta. Sensa inaendelea kuona hewa, boksi linaendelea kuongeza. Plagi nilipozitoa zilikuwa nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole, zote tatu. Risasi za mteremkoni nazo zilipata maelezo: petroli isiyoungua inaingia kwenye bomba la moto, inakutana na hewa kutoka kwenye lile tundu, inalipuka humo humo. Watoto wa Soni walikuwa wakishangilia hela ya mama.

Taa ya injini haikuwaka hata siku moja. Magari mengine yana sensa ya pili baada ya masega, na ukiyatoa taa inakusuta. Kwenye hii sikukuta sensa ya pili, na dereva alikuwa amechukua ukimya wa taa kama ushahidi kwamba kazi ilifanyika vizuri.

Na kichwa. Injini iko chini ya kiti. Moshi unaovuja pale mbele hauendi nyuma ya gari, unapanda na kuingia kabini kupitia mipira iliyochoka ya mfuniko na tundu la gia. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Masega, pamoja na kazi zake nyingine, ndiyo yanayoichoma kabla haijatoka nje. Sasa hayapo, injini inameza mafuta kupita kiasi hivyo inatengeneza nyingi zaidi, na tundu liko chini ya kiti. Kijana alikuwa akiendesha hivyo mara mbili kwa siku kwenye barabara yenye bonde upande mmoja. Nilimweleza haya akiwa ameketi kwenye ndoo ya oili. Hakubisha tena juu ya jambo lolote siku hiyo.

Kuitoa ile bolti iliyokatika ilinichukua mchana mzima: kuipasha moto, kuchomelea nati juu ya kisiki chake, kuizungusha taratibu mbele na nyuma huku ukiomba isikatikie ndani. Ikatoka mara ya tatu. Bolti mpya, gasketi mpya, plagi nikazipiga brashi nikazirudisha zile zile. Bomba la inchi mbili nikaliacha mahali pake makusudi.

Tukapanda tena. Dakika 4 na sekunde 5. Sekunde 15 tu zimepungua, ila daftari la mama lilisema kitu kikubwa zaidi: safari nzima lita 6.1, kutoka 7.1. Risasi ziliisha. Kichwa cha dereva kilitulia, na changu.

Hapo ningeweza kufunga kazi na kusema kilichobaki ni bomba nene. Lakini kuna kitu kilinisumbua nikiwa pembeni ya dereva. Kirikuu za daraja hili la chini hazina saa ya mizunguko kwenye dashibodi. Nilitafuta ndogo ya kuunganisha pembeni, nikaibandika juu ya redio. Tukapanda. Kijana akaanza na gia ya pili, injini ikalia, sindano ilipofika 2,700 akaingiza ya tatu. Injini ikashuka hadi 1,800, ikaanza kuguna, akakanyaga hadi mwisho, haikwenda. Akarudisha ya pili. Ikalia, 2,700, akaingiza ya tatu. Kona hadi kona, hivyo hivyo.

"Dogo, mbona unaitoa mapema?"

"Imeshalia, fundi. Nisiiue injini ya mama."

Nguvu ya K6A haiko kwenye 1,800. Inavuta vizuri ikikaribia 3,500, na nguvu zake za mwisho, kama farasi 50 hivi, zinapatikana ikipita 5,000. Zamani, na sailensa ya kiwandani, kijana alikuwa akisubiri mlio fulani ndipo abadilishe gia, na mlio ule ulikuwa ukija kwenye mizunguko sahihi. Sikio lilikuwa ndiyo saa yake. Bomba jipya lilileta mlio ule ule, wa "imeshafika", mizunguko elfu moja mapema. Hakuna mtu aliyeharibu gari pale. Walimharibia dereva kipimo chake bila yeye kujua.

Nikamwambia aangalie sindano, asisikilize kitu. Akae kwenye ya pili mpaka 4,000 na aiache hapo hapo. Aliogopa, uso ulimkunjamana kona ya kwanza, mkono ukienda kwenye gia na kurudi. Dakika 3 na sekunde 42. Sekunde 23 zimeondoka bila kugusa spana. Halafu nikafunika sindano kwa kitambaa nikamwambia apande kama anavyojua. Akarudi dakika 4 na sekunde 3. Mkono ulikuwa umeisikiliza kelele.

Ndipo sasa tukaja kwenye bomba. Nilipata ekzosi kamili ya Carry kama hiyo kwenye yadi ya vipuri vya mtumba, ikiwa na masega yake na sailensa ya kiwandani. Masega ya mtumba usiyaamini kwa macho. Nilifungua sensa ya oksijeni, nikafunga geji ya msukumo kwenye tundu lake, nikashika mizunguko 2,500. Mafundi huhesabu kwamba geji ikizidi psi 3 hapo (kipimo kile kile cha upepo wa tairi), njia imeziba. Bomba la inchi mbili lilikuwa halijainua sindano ya geji hata nusu psi. Hii ya mtumba ilisoma karibu psi 1. Nzima. Nani anajua gari ilikotolewa lilikufa kwa nini, ila masega hayakuwa sababu.

Dereva akiangalia saa ya mizunguko na kukaa kwenye ya pili, ekzosi nyembamba ilipanda kwa dakika 3 na sekunde 40. Ile nene ilikuwa imepanda kwa dakika 3 na sekunde 42. Sekunde mbili, na tofauti ya mpando mmoja na mwingine wa siku hiyo hiyo ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Kwa maneno mengine, ile hesabu yangu ya mita 35 na 17 kwa sekunde, niliyoipenda sana, haikuonekana kwenye saa. Kwenye mizunguko 4,000 mapigo ni mengi na moshi una mbio za kutosha hata kwenye bomba pana.

Ilionekana kwenye kuondoka. Ukiwa umesimama kwenye kona na mzigo, ukiachia klachi kwenye mizunguko 1,500, na bomba nene gari lilikuwa likisita, linaguna, unalazimika kuchezea klachi hadi unanusa. Na lile jembamba liliondoka bila kusita. Sikuipima kwa saa, nilipimia mguu wa kushoto. Kwa gari la kusimama kila kibanda kuchukua gunia, mguu wa kushoto ni kipimo kinachoheshimika. Kwa gari la kukimbia tambarare nisingeona tofauti, na asiyeniamini akaangalie hesabu mwenyewe: upana huo wa bomba una maana pale ambapo mizunguko ni michache tu.

Nikafunika sindano tena. Dereva akapanda kwa sikio. Dakika 3 na sekunde 46. Mara hii mkono ulisubiri wenyewe hadi karibu 3,700. Sailensa ya kiwandani ilikuwa imemrudishia saa yake.

Lilibaki swali ambalo kila mtu alikuwa amelisahau. Kama masega yalikuwa mazima, gari lilikuwa zito kwa nini hapo mwanzo? Nilifungua boksi la ea klina. Ilikuwa na rangi ya barabara ya Mombo kabla ya mvua. Nikiigonga kwenye tairi ilimwaga vumbi la kutosha kufunika kiatu. Kwenye gari la nozeli, ea klina iliyoziba haili mafuta sana kama ilivyokuwa kwa kabureta, kwa sababu kontroli boksi linapunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. Inachokula ni nguvu ukikanyaga hadi mwisho, yaani mlimani. Ea klina mpya, dakika 3 na sekunde 30.

Sekunde kumi kwa kitu kinachouzwa kila duka la vipuri. Walimkatia ekzosi nzima upande wa kutokea moshi, kumbe kilichoziba ni mlango wa kuingilia hewa.

Hizi ni namba za gari moja, mlima mmoja na dereva mmoja. Kirikuu ya kabureta, kama zile za zamani zenye F6A, isingefanya hadithi hii ya sensa, maana haina boksi la kudanganywa. Ingekuvujishia moshi tu. Na gari ambalo masega yake yameyeyuka kweli lingepona kwa kutolewa kizuizi, hilo nimeliona zaidi ya mara moja. Ila anayekuja kwangu sasa akisema masega yameziba, kabla ya msumeno tunafunga geji. Kazi hiyo inamalizika kabla chai haijapoa.

Mama anaandika bado. Mara ya mwisho aliponipitishia daftari, safari ilikuwa lita 5.8, na mifuko ya saruji imefika 15, jambo ambalo tumegombana juu yake. Bomba la inchi mbili limesimikwa nyuma ya nyumba yake, limebeba antena ya televisheni.

Dereva ana lalamiko moja. Zamani kina mama wa Soni walikuwa wakimsikia tangu kona tatu chini, wanatoa magunia barabarani mapema. Sasa anafika kimya, anakuta hakuna mtu, inabidi apige honi.